Kipeo hasi si deni: Tulipewa sheria, tukanyimwa sababu

Kabla hujaendelea kusoma, hebu tufanye mtihani mdogo. Usifungue kikokotoo cha simu, jibu tu kichwani. Mbili kwa kipeo cha hasi tatu, yaani 2⁻³, ni ngapi?

Kama umesema hasi nane, karibu, uko na wenzako wengi. Kama umesema hasi sita, kiti chako pia kipo. Na kama umesema "mimi hesabu niliiacha shuleni", basi wewe ndiye hasa ninayetaka kuongea naye leo, kwa hivyo usitoroke.

Jibu ni thumuni. Moja juu ya nane. Ni nambari chanya kabisa, haidaiwi na mtu.

Mimi nilisema hasi nane kwa miaka mingi. Nilisema hivyo Kidato cha Pili na nikazomewa, nikasema hivyo kwenye mtihani nikapigwa mkasi mwekundu, halafu nikaenda chuoni bado ninaamini hivyo moyoni. Sijaandika haya kujisifu kwamba sasa najua. Naandika kwa sababu nina hasira. Kitu kilichonichukua dakika kumi kukielewa nikiwa mtu mzima kilinifanya nijiite mjinga kwa karibu miaka minane.

Nakumbuka kile kipindi. Mada ilikuwa vipeo, ile tuliyoizoea kwa jina la indisi. Mwalimu aliandika ubaoni: a⁻ⁿ = 1/aⁿ. Akapiga mstari chini yake mara mbili. Akasema, "Shikeni hiyo, huja kwa mtihani." Nikainua mkono nikauliza kwa nini. Darasa likacheka. Mwalimu hakukasirika, alisema tu, "Kwa sababu ndiyo sheria," akafuta ubao kwa sababu silabasi ilikuwa ndefu na sisi tulikuwa wengi.

Simlaumu sana. Ukipewa wanafunzi zaidi ya hamsini na kipindi cha dakika 40, wewe pia utatafuta njia ya mkato. Lakini sheria bila sababu ni kama namba ya simu ambayo hukuisevu. Unaikumbuka leo, kesho imeenda.

Sasa nikupe ile sababu niliyonyimwa.

Kipeo ni ile nambari ndogo inayokaa begani mwa nambari kubwa. 2³ inasema: andika mbili tatu, uzizidishe, 2 × 2 × 2, upate 8. Hapo hakuna mtu hupotea. Shida inakuja unapoambiwa 2⁻³. Unajaribu kutumia maana ile ile: niandike mbili ngapi? Hasi tatu? Hiyo haiwezekani. Ni kama kuingia kibandani uagize chapati hasi tatu. Mama atakuangalia tu.

Hapo ndipo wengi wetu tulikwama, na nataka uskie hivi vizuri: hatukukwama kwa ujinga. Maana ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa imefika mwisho wa barabara, na hakuna aliyetuambia tubadilishe gari.

Gari lenyewe ni hili. Acha kuhesabu mbili ngapi ziko pale. Angalia ngazi:

2³ = 8
2² = 4
2¹ = 2

Kila ukishuka hatua moja, kipeo kinapungua kwa moja, na jibu linagawanywa kwa mbili. Nane, nne, mbili. Sasa usisimame. Endelea kushuka kwa mtindo ule ule:

2⁰ = 1
2⁻¹ = nusu
2⁻² = robo
2⁻³ = thumuni

Ni hayo tu. Hakuna uchawi. Kipeo chanya kinasema zidisha, kipeo hasi kinasema gawanya. Ile alama ya hasi haizungumzii jibu, inazungumzia upande unaoelekea. Ukipanda ngazi unazidisha, ukishuka unagawanya, na sifuri ndipo mahali unaposimama kabla hujapanda wala kushuka.

Chukua chapati moja. Kabla kisu hakijaigusa, una chapati moja nzima. Hiyo ndiyo 2⁰, na ndiyo maana jibu lake ni moja, wala si sifuri. Hujazidisha, hujagawanya, lakini chapati ipo kwa sahani. Ikate katikati: kila kipande ni nusu, 2⁻¹. Kata tena: robo, 2⁻². Kata tena: thumuni, 2⁻³. Unaweza kukata mpaka ubaki na chembe, lakini niambie, ni kisu gani kitakata chapati mpaka igeuke deni? Vipande vinakuwa vidogo, vidogo, vidogo zaidi. Haviwi hasi. Wala haviwi sifuri.

Na hapa kuna kitu kinachoniuma zaidi. Haya maneno, nusu, robo, thumuni, tuliyajua kitambo. Tukiwa shule ya msingi, mwalimu wa Kiswahili alitukalisha tukakariri akisami: nusu, thuluthi, robo, khumsi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Tuliimba hadi tukaota. Miaka michache baadaye, kwenye darasa la hesabu, kwa Kiingereza, tukakutana na vitu vile vile vimevaa nguo nyingine. 3⁻¹ ni thuluthi. 5⁻¹ ni khumsi. 10⁻¹ ni ushuri. 3⁻² ni tusui. Masomo mawili yalikuwa yanaongea kuhusu kitu kimoja, shule moja, pengine korido moja, na hakuna aliyetuambia. Tulikuwa na ufunguo mfukoni huku tunalia nje ya mlango.

Labda wewe ni yule msee ambaye ngazi haimtoshi, unataka ushahidi. Sawa. Unakumbuka kwamba ukigawanya nambari zenye vipeo, unatoa vipeo? 2⁵ ÷ 2² = 2³, yaani 32 ÷ 4 = 8. Sasa geuza: 2² ÷ 2⁵. Ukitoa vipeo, 2 toa 5, unapata 2⁻³. Ukifanya kwa mkono, 4 ÷ 32, unapata thumuni. Hesabu ni moja, kwa hivyo majibu lazima yawe sawa. 2⁻³ haina ujanja, lazima iwe thumuni, la sivyo sheria nyingine zote zinavunjika.

Ukielewa hivyo, yale makosa ya kawaida yanajirekebisha yenyewe. Angalia haya matatu, kwa sababu ndiyo huwamaliza watu.

La kwanza: (−2)³ na 2⁻³ si ndugu. Ya kwanza ina hasi chini, kwenye nambari yenyewe, na jibu lake ni hasi nane. Ya pili ina hasi begani, na jibu lake ni thumuni. Uliza kila mara: hasi imekaa wapi?

La pili: 3x⁻² si moja juu ya 3x². Kipeo kinamshika yule aliye chini yake tu, na hapa ni x peke yake. Tatu haihusiki, inabaki juu: 3/x². Ukitaka tatu pia ishuke, lazima ufunge mabano, (3x)⁻², na hapo unapata 1/(9x²).

La tatu: 2⁻¹ + 3⁻¹ si 5⁻¹. Soma kwa akisami: nusu ukiongeza thuluthi. Nusu peke yake tayari ni kubwa kuliko khumsi, sasa itakuwaje ukiiongezea kitu ipungue mpaka iwe khumsi? Jibu ni tano juu ya sita. Unaona? Ukisoma kwa maneno unayoyaelewa, kosa linajianika lenyewe.

Kama bado unajiona mzito, ngoja nikuambie kitu kuhusu wale tunaowaita vichwa. Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika kitabu cha hesabu mwaka 1484 akitumia vipeo vya sifuri na vya hasi, lakini kazi yake haikuchapishwa hadi 1880. René Descartes ndiye aliyetuzoesha kuweka kipeo juu begani, mwaka 1637, lakini alikitumia kwa nambari chanya tu. Ilibidi tufike 1676 ndipo Isaac Newton, kwenye barua, aeleze kwamba pale wengine wanapoandika moja juu ya a, yeye anaandika a⁻¹. Kutoka Chuquet hadi Newton ni karibu miaka 200. Dunia ya wasomi ilichukua karibu miaka mia mbili kuzoea hiki kitu. Wewe ulipewa dakika 40, na kengele ikalia kabla hujauliza swali la pili.

Halafu ukaenda nyumbani ukasema, "Hesabu si yangu."

Hiyo sentensi ndiyo napigana nayo. Hebu sikiliza vile tunaisema. Hakuna mtu husimama mbele ya watu akasema "kusoma si kwangu" huku anacheka. Lakini "hesabu si yangu" tunaisema kama mzaha, tunaiweka hadi kwa wasifu wa mitandaoni, na tunawapa wadogo wetu bila kujua. Mara nyingi ukimchimba mtu anayesema hivyo, huwezi kupata kichwa kibovu. Unapata siku moja, kipindi kimoja, swali moja lililochekwa.

Na tofali moja likikosekana ukutani, hali huendelea kuharibika. Usipoelewa kipeo hasi Kidato cha Pili, logi zinakuangusha muhula huo huo. Waliotumia kitabu cha jedwali wanakumbuka ile "ba" iliyochorwa juu ya nambari. Ile ilikuwa kipeo hasi kimejificha. Unaingia fizikia, chaji ya elektroni ni 1.6 × 10⁻¹⁹, umepotea. Kufikia Kidato cha Nne unaambiwa utafute mteremko wa x⁻², na wewe bado unajiuliza ile hasi inamaanisha nini. Huo mlima si mrefu hivyo. Ni vile ulianza kupanda bila kiatu kimoja.

Mimi ilinifuata hadi chuoni. Nilikuwa nasomea mambo ya umeme. Wiki ya pili mhadhiri akaandika mikrofaradi ubaoni, kumi kwa kipeo hasi sita, kila mtu anaandika, mimi nimeganda. Nilianguka somo hilo mara mbili. Sitakudanganya kwamba hesabu ndiyo iliyonitoa chuo. Karo nayo ilikuwa na maneno yake. Lakini nilipokuwa napiga hesabu kama nipambane au niende, ile sauti ya "wewe hizi vitu si zako" ilikuwa tayari imenisaidia kuamua. Hicho ndicho kitu ambacho sheria bila sababu humfanyia mtu.

Najua kuna msomaji anasema, "Sawa bana, lakini nani ataniuliza 2⁻³ nikiwa Gikomba?" Swali zuri. Hakuna atakayekuuliza hivyo. Watakuuliza kwa njia nyingine, na hawatakuambia kwamba ni mtihani.

Mfano: rafiki anakujia na sura ya biashara. "Nipe 80,000 leo, baada ya miaka mitatu nakurudishia 100,000." Faida ya 20,000, bila jasho. Inasikika tamu. Sasa tuseme kuna mahali pengine salama ambapo pesa zako zingekua kwa asilimia 10 kila mwaka. Kwenda mbele mwaka mmoja ni kuzidisha kwa 1.1. Kurudi nyuma mwaka mmoja ni kugawanya kwa 1.1. Kwa hivyo, 100,000 ya miaka mitatu ijayo, ukiirudisha hadi leo, ni 100,000 × 1.1⁻³. Bonyeza kikokotoo: ni karibu 75,131. Yaani rafiki anakuomba 80,000 kwa kitu chenye thamani ya 75,131. Ukitaka kuhakikisha, ipeleke 80,000 yako mbele: 80,000 × 1.1³ ni 106,480. Ile faida tamu ilikuwa hasara ya 6,480, na bado hatujazungumzia kama rafiki mwenyewe atalipa.

Kipeo hasi hapo kinasafiri nyuma kwenye muda. Watu wanaokukopesha, wanaokuuzia kitu kwa lipa polepole, wanaokuwekea bima, wote wanajua kusafiri hivyo. Ukiingia kwenye meza hiyo bila kujua, wewe ndiye chapati.

Mfano mwingine: dawa. Miligramu ni 10⁻³ ya gramu. Mikrogramu ni 10⁻⁶ ya gramu. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara elfu moja. Levothyroxine, dawa ya watu ambao tezi yao ya shingoni haitoi homoni ya kutosha, hupimwa kwa mikrogramu. Mtu akichanganya hasi tatu na hasi sita hapo, hilo si kosa la alama mbili kwa mtihani. Na yule muuguzi wa kesho amekaa leo darasani, pengine ndiye aliyeinua mkono akachekwa.

Hata simu yako inaongea lugha hii. Fungua kikokotoo sasa, nimekuruhusu. Gawanya 1 kwa bilioni moja. Simu nyingi zitakuandikia 1E-9. Hiyo E si hitilafu. Ni kusema moja mara kumi kwa kipeo hasi tisa. Hiyo pia ndiyo nanomita ukipima kwa mita, kipimo wanachotumia kuuza chipu iliyo ndani ya simu hiyo hiyo uliyoshika.

Mwaka 2025 hapa Kenya tulibishana sana kama hisabati iwe ya lazima katika shule ya upili ya juu chini ya mtaala mpya. Mpango wa kwanza haukuilazimisha kwa kila mwanafunzi. Watu wakalalamika, na Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: hisabati kamili kwa wanaofuata mkondo wa sayansi, na nyingine nyepesi kidogo kwa wengine. Nilifurahi, nusu. Nusu nyingine ya moyo wangu iliuliza: ya lazima kivipi? Kama ni ile ya "shikeni hiyo, huja kwa mtihani", tutakuwa tumemlazimisha mtoto akae na kidonda chake miaka mitatu zaidi. Kulazimisha somo ni rahisi, unatoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kutoa sababu ndiyo kazi, na hiyo haifanywi na Wizara, inafanywa na mtu mmoja na chaki.

Kwa hivyo ninaomba mambo mawili tu. Walimu, hasa nyinyi vijana mnaoanza kazi: kabla ya kuandika a⁻ⁿ = 1/aⁿ, chora ile ngazi. Inachukua dakika tano. Na mwite mwalimu wa Kiswahili aje na akisami zake. Mtoto akiuliza kwa nini, huyo hapotezi muda wa darasa. Huyo ndiye darasa.

Na wewe msomaji, acha kuwaambia watoto wa nyumbani kwamba hesabu ni ya watu fulani. Mimi nilielewa kipeo hasi si chuoni, ni mezani kwetu. Binamu yangu wa Kidato cha Tatu alikuwa anafanya kazi ya likizo, akafika hapo, akafunga kitabu. "Hii sitawahi kuielewa, mimi ni mjinga wa hesabu." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kabila lake. Nikakaribia kumpa ile sheria niliyopewa. Halafu nikagundua kwamba nikimpa, nitakuwa nimempa pia miaka yangu minane.

Nikamwambia sijui, tutafute pamoja. Tukaandika nane, nne, mbili, moja. Nikamuuliza, "Inayofuata?" Akasema nusu. "Halafu?" Robo. Akanyamaza, akaangalia vipeo alivyokuwa ameandika pembeni, kisha akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Kwani ni hiyo tu?"

Ndiyo. Ni hiyo tu. Sasa tafuta mtu mmoja umuulize 2⁻³ ni ngapi. Akisema hasi nane, usicheke. Mwombe kalamu, uchore ngazi.